UZI MAALUM: Kununua nyumba Arusha na Moshi kupitia dalali – nani hasa anakuuzia?

WakiliWaRau

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa wanaotafuta nyumba au kiwanja chenye nyumba huku kwetu, Arusha na Moshi, kupitia madalali. Maswali mengi tunayoulizwa yanahusu bei na hati. Ni maswali ya maana, lakini kinachowafikisha watu Baraza la Ardhi na Nyumba mara nyingi ni ndugu ambaye hakusaini. Dalali anakuonyesha nyumba tu. Anayekuuzia ni familia, hata kama kwenye hati lipo jina moja.

Nianze na muuzaji mwenye ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mwenza kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi jina lililoandikwa ni la mume peke yake. Kwa hiyo mkataba uambatane na kiapo cha ridhaa cha mwenza, chenye picha yake, namba ya NIDA na saini yake mbele ya wakili. Hapa ndipo watu wanapoletewa mke wa kuazima. Njia ya kujikinga ni rahisi: siku ya kwanza unapokwenda kuangalia nyumba, kabla hata bei haijatajwa, muulize jirani au mwenye duka la pale kona, "Mama mwenye nyumba hii anaitwa nani?" Jina hilo lilinganishe na la kwenye kiapo na la kwenye cheti cha ndoa. Muuzaji akisema wameachana, aonyeshe talaka ya mahakama. Kutengana kwa mdomo hakuondoi haki ya mwenza.

Kundi la pili, na ndilo linalosumbua zaidi, ni nyumba za urithi. Hati ina jina la marehemu, watoto sita wako mikoa minne, na kaka mkubwa ndiye anayezungumza na dalali. Kaka mkubwa hana mamlaka ya kuuza kwa sababu tu ni mkubwa. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Akiwa ameteuliwa na Mahakama ya Mwanzo atakuwa na Fomu Namba 4. Omba uione halisi, kisha nenda na namba ya shauri kwenye mahakama hiyo, uombe kuliona jalada. Uliza mambo mawili: je, uteuzi ule bado upo au ulitenguliwa? Na je, msimamizi amepeleka Fomu Namba 5, ile ya orodha ya mali, inayotakiwa ndani ya miezi minne? Kama nyumba unayouziwa haimo kwenye orodha ile, simama hapo hapo mpaka irekebishwe.

Halafu warithi wote wasaini ridhaa ya kuuza. Nasema wote, pamoja na mabinti walioolewa. Bado kuna vikao vya ukoo vinavyoandika majina ya watoto wa kiume peke yao. Sheria za ardhi za 1999 zimempa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Dada aliyeolewa Machame au anayeishi Dar akifungua shauri, nyumba yako inaingia kwenye zuio wakati wewe umeshalipa. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, kwa hiyo usidhani ukimya wa mwaka mmoja maana yake ni amani.

Kuhusu vihamba, yaani ardhi ya ukoo ya Wachagga, nitarudi chini kidogo.

---

Neema_Sakina

Asante sana mkuu. Swali: kuna nyumba Majengo, Moshi, hati ni ya marehemu baba yao. Dalali anasema wana muhtasari wa kikao cha ukoo uliogongwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, unaomruhusu mtoto mmoja kuuza. Unatosha?

---

WakiliWaRau

Hautoshi, dada Neema. Muhtasari wa ukoo kazi yake ni kumpendekeza msimamizi. Unapelekwa mahakamani kuombea uteuzi. Baada ya uteuzi, msimamizi anaandikishwa kwa Msajili wa Hati kuwa mmiliki kwa wadhifa wake wa usimamizi, na hapo ndipo anaweza kusaini uhamisho kwenda kwako. Kwa hiyo ni hatua mbili kwenye daftari: marehemu kwenda kwa msimamizi, msimamizi kwenda kwa mnunuzi. Ukiruka ya kwanza, ya pili haiandikishwi, na utabaki na mkataba mkononi huku hati ikisoma jina la marehemu.

Malipo yaende kwenye akaunti ya mirathi, siyo akaunti binafsi ya mtoto mmoja. Mgawanyo wao haukuhusu, lakini fedha ikipotelea kwa mmoja, wenzake watakugeukia wewe uliyeko ndani ya nyumba.

---

Dalali_Njiro

Wakuu, niongee kwa upande wa udalali, maana tunasemwa sana na mengine ni kweli.

Bei inapanda kwa sababu ya mnyororo. Mwenye nyumba anamwambia dalali mmoja, naye anawatumia wenzake picha kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila mmoja anaweka cha juu chake. Mwenye nyumba anataka milioni 100, wewe unatajiwa 125, na mwisho unaombwa asilimia ya udalali juu ya hiyo 125. Dawa yake ni kukutana na mwenye nyumba ana kwa ana kabla ya kukubali bei. Dalali anayekataa katakata usionane na mwenye nyumba mpaka siku ya kulipa analinda cha juu, au mwenye nyumba mwenyewe hamfahamu kabisa.

Lakini na sisi tuna hofu yetu: tukikukutanisha mapema, mnatuzunguka. Suluhisho ni karatasi moja ya makubaliano. Iandikwe nyumba ipi (kiwanja namba, kitalu, mtaa), nani analipa udalali, kiasi gani, na unalipwa lini. Kawaida huku ni asilimia 5 hadi 10 ya bei, na nyumba ikiwa ya bei kubwa asilimia inashuka kwa mapatano. Kwa nyumba ya kupanga ni kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba asaini pia kwamba mteja huyu ameletwa na dalali huyu. Hapo kila mtu anatulia, na dalali hana sababu ya kukuficha kitu.

Udalali ulipwe kwa mafungu kama nyumba inavyolipwa. Ukimmalizia yote siku ya mkataba, kesho ukimhitaji akamtafute muuzaji asaini fomu iliyosahaulika, simu haipokelewi. Bakiza angalau theluthi mpaka uhamisho uandikishwe.

Na jambo moja nawasihi: dalali siyo wakili wala mpima. Akikuambia "nimeshacheki ardhi, iko safi," mshukuru, kisha kafanye sachi (upekuzi wa kumbukumbu za hati) mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa kwa namba ya hati. Majibu ya sachi yanakuonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na kaveti kama imewekwa, yaani zuio la mtu anayedai haki kwenye ardhi hiyo. Yana tarehe. Sachi ya miezi mitatu iliyopita haikusaidii. Ifanye tena siku chache kabla ya kusaini.

---

mzee_wa_bikoni

Nyongeza kutoka upimaji.

Mkubaliane kwanza mnanunua kwa kipimo gani. Maeneo yasiyopimwa, kama sehemu za Muriet, Olasiti au Mabogini, bado utasikia "20 kwa 20" bila kusemwa ni mita au hatua. Ishirini kwa ishirini ya mita ni mita za mraba 400. Ya hatua inategemea miguu ya aliyepima: hatua ya sentimita 80 inakupa mita 16 kwa 16, yaani mita za mraba 256. Bei ile ile, umepungukiwa zaidi ya theluthi ya eneo. Mkataba uandikwe kwa mita, na kila upande uandikwe urefu wake, maana viwanja vingi havina pembe mraba. Kwa eka ni hivyo hivyo: robo eka ni takribani mita za mraba 1,012. Pima, usikadirie kwa macho.

Kwenye kiwanja kilichopimwa, tafuta bikoni zote, zile alama za saruji za mipaka. Namba iliyoandikwa juu yake ilingane na ya kwenye ramani ya upimaji. Bikoni ikiwa imelegea au saruji yake ni mpya kuliko za wenzake, mwite mpima airudishe mahali pake kwa koordineti za ramani. Usikubali kuonyeshwa mpaka na mtoto wa nyumba hiyo huku jirani hayupo.

Upande wa Moshi juu, Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu, mpaka ni masale, mimea inayopandwa kwa mstari kuonyesha mpaka. Yasome vizuri. Sale la zamani lina shina nene lenye makovu ya majani yaliyodondoka, na limegawanyika matawi. Sale la juzi ni kijiti kimoja chembamba, kwa sababu linapandwa kwa kipande tu na linashika haraka. Mstari ukiwa na mashina manene, kisha ghafla ukapinda kwa vijiti vitatu vyembamba, hapo mpaka umesogezwa. Muulize jirani wa upande huo akiwa peke yake.

Angalia pia mfongo. Mfereji wa asili ukipita kwenye eneo, una watumiaji huko chini wenye zamu zao za maji, na hutaruhusiwa kuufunga wala kujenga juu yake. Uandikwe kwenye mkataba pamoja na njia ya miguu kama ipo. Na usisahau hifadhi: mita 60 kutoka mtoni na kwenye vyanzo vya maji kwa Sheria ya Mazingira ya 2004, na mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Nyumba yenye alama ya X ya rangi nyekundu ukutani, yaani imetakiwa kubomolewa, haina mjadala: usinunue. Na ukiona ukuta umepakwa rangi mpya upande wa barabara peke yake, uliza kuna nini chini yake.

---

Kimario_jr

Mzee wa bikoni, hapo kwenye masale umenifungua macho. Wakili, turudie vihamba. Kuna watu wanasema kihamba hakiuzwi kabisa.

---

WakiliWaRau

Kinauzwa, lakini siyo kama kiwanja cha Njiro. Kihamba ni ardhi ya ukoo: pana nyumba ya wazazi, migomba, kahawa na makaburi. Kwa mila ya Wachagga nyumba ya wazazi huachiwa kitinda mimba wa kiume, ambaye ndiye anayebaki kumtunza mama. Kaka wakubwa hugawiwa sehemu nyingine. Ukinunua kutoka kwa kaka mkubwa sehemu ambayo kitinda mimba anaishi, au ambayo mjane bado yumo ndani, umenunua ugomvi. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kihamba ni: nani analala humu sasa hivi? Huyo ndiye saini yake ya kwanza unayoihitaji.

Mila nayo inamruhusu ndugu wa ukoo kudai kukomboa ardhi ya ukoo iliyouzwa kwa mtu wa nje bila wenzake kujua, kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Ndiyo maana kikao cha ukoo kiandikwe kwa ukamilifu: majina ya waliohudhuria, wasiohudhuria na sababu zao, na tamko kwamba ndugu wamepewa nafasi ya kununua kwanza wakakataa.

Makaburi: nawasihi sana msinunue eneo lenye makaburi bila kifungu chake. Njia safi ni kuyatoa kwenye mauzo. Mpima akate kieneo cha makaburi pamoja na njia ya kwendea, mita 2 zinatosha, kibaki cha familia. Kuhamisha makaburi kunahitaji ridhaa ya familia na kibali, na hata vikipatikana vyote, unaingia kijijini kwa mguu mbaya.

Ardhi ikiwa ya kijiji, lazima uhamisho upite Halmashauri ya Kijiji. Muhuri wa mwenyekiti au mtendaji peke yake siyo idhini. Omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichojadili ombi lako. Na ile "asilimia 10 ya ofisi" inayodaiwa kwenye mauziano, Serikali imeikataza mara nyingi. Mtu akiidai, omba risiti ya Serikali yenye control number. Isipokuwepo, usilipe.

---

Fundi_Kisongo

Mimi naomba tuiangalie nyumba yenyewe, maana karatasi zinaweza kuwa safi na ukuta ukawa mgonjwa.

Maeneo ya chini ya Arusha yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ardhi inavimba masika na kupasuka kiangazi. Nyumba ya msingi mfupi inafuata mwendo huo. Tafuta nyufa za mshazari zinazoanzia kona za madirisha na milango. Ufa wa plasta tu ni mwembamba kama unywele na hauendi mbali. Ufa unaopita tofali utauona ndani na nje mahali pamoja, na milango ya chumba hicho inagoma kufunga. Chora mstari wa penseli kuvuka ufa, andika tarehe, urudi baada ya wiki kadhaa uone kama mstari umeachana. Muda mzuri wa kukagua ni Aprili, mvua ikiwa imekolea: utaona maji yanakosimama, paa linakovuja, na shimo la choo kama linarudisha.

Maji. Kama nyumba inategemea kisima, peleka sampuli maabara ya maji ipimwe floraidi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inaitoa kwa wingi, ndiyo maana meno ya kahawia ni ya kawaida sehemu nyingi za Arumeru. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua, floraidi inabaki ile ile, kwa hiyo inakolea. Chujio la mkaa wa mifupa linaipunguza, ila mkaa huo unachoka na lazima ubadilishwe, hiyo ni gharama ya kudumu. Kama maji ni ya mamlaka, AUWSA au MUWSA, omba muuzaji akuletee ankara ya mwisho isiyo na deni. Na mita ya LUKU: kodi ya majengo inakatwa humo tangu 2021, kwa hiyo hakikisha hakuna deni lililorundikana kwenye mita hiyo.

---

Neema_Sakina

Kodi za uhamisho zikoje kwa jumla? Na nani analipa?

---

WakiliWaRau

Kwa ufupi. Muuzaji mkazi analipa TRA kodi ya faida ya mtaji (capital gains), asilimia 10 ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama, tangu 2023 anaweza kulipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, kwa kawaida unalipwa na mnunuzi. Kuna ada za uthamini, idhini na usajili, na pango la ardhi lazima lisiwe na deni. Kwenye hati za Serikali mnajaza Fomu ya Ardhi 29, 30 na 35.

Andikeni kwenye mkataba nani analipa kipi. Wengi huandika "kodi zote juu ya mnunuzi" bila kujua wamejibebesha na kodi ya muuzaji. Na bei iandikwe ile ile mliyolipana. Mkiandika ndogo ili kukwepa kodi, siku mkataba ukivunjika utarudishiwa hiyo ndogo.

---

MamaWaTengeru

Nimesoma wote, mmetoa elimu kubwa. Niongeze la majirani, maana nyumba unanunua siku moja lakini unaishi na watu.

Watu wengi wanakutana na majirani baada ya kuhamia. Nendeni kabla. Majirani wa pande zote nne wasaini kwenye mkataba kama mashahidi wa mipaka. Hiyo ni kinga ya kisheria, na pia ni utambulisho. Jirani aliyesaini hawezi kesho kusema hakujua. Siku ya kukabidhiwa, mwombe muuzaji mwenyewe akupeleke kwa balozi wa nyumba kumi na kwa mwenyekiti wa mtaa, majina yenu yaingie kwenye daftari la wakazi. Mkipelekwa na dalali, mtaa unawaona kama wageni wa dalali.

Ukishahamia, uliza utaratibu wa misiba: rambirambi ni kiasi gani kwa kaya, nani anakusanya, kina mama wanapeana zamu vipi za kupika. Jiandikishe kwenye kikundi hicho mapema kabla hujawa na shida yoyote. Kwenye mfongo, kuna siku za kusafisha mfereji. Peleka mtu au uende. Na ukitaka kujenga ukuta, waite majirani siku ya kuchimba msingi, kamba ikiwa imevutwa, wauone mstari. Kama kulikuwa na njia ya miguu ya watoto kwenda shule, iache. Ukiifunga, hata majirani unaopakana nao watakuwa upande wa waliofungiwa njia.

---

Kimario_jr

Swali la mwisho. Desemba watu wote wanarudi Moshi. Ni wakati mzuri wa kununua au ndiyo bei inakuwa juu?

---

Dalali_Njiro

Bei inakuwa juu, ndugu. Wanaotoka Dar na nje wana haraka na wana fedha mkononi, na muuzaji anajua. Mimi huwashauri wateja wapatane bei Oktoba au Novemba, kwa maandishi, kwa masharti kwamba familia itasaini.

---

WakiliWaRau

Naunga mkono. Desemba iwe ya saini, siyo ya bei. Kati ya tarehe 26 na 30 ndugu wengi wanakuwa nyumbani, na vikao vya ukoo hufanyika siku hizo. Ila ofisi nyingi zinakuwa na watu wachache, kwa hiyo sachi ifanyike kabla ya tarehe 20, na wakili apande kijijini na viapo vilivyoandaliwa tayari, kila ndugu kiapo chake, pamoja na kidau cha wino kwa bibi asiyeandika. Asomewe mkataba kwa lugha anayoielewa, na aliyemsomea aandike jina lake na asaini chini ya alama ya dole gumba. Asiyefika apigiwe simu ya video, kisha atumiwe kiapo akakisaini kwa wakili wa huko aliko. Sauti ya simu siyo saini.

Malipo: fungu dogo baada ya sachi, kubwa siku hiyo ya saini kwa njia ya benki, na asilimia 10 hadi 20 ibaki mpaka hati isome jina lako. Januari ofisi zikifunguka, fomu ziingie wiki ya kwanza, kabla warithi hawajatawanyika wote, maana mara nyingi kuna karatasi moja inayorudishwa kwa sababu jina la NIDA na la kwenye hati yanatofautiana herufi. Hapo anahitajika mwenyewe, aape kiapo cha majina.